Mnara Usiokaribia

Jumamosi usiku nilimpigia mama simu Singida kumuaga.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kumbe kesho ndiyo siku yenyewe?"

"Ndiyo mama."

"Sasa hizo kilomita 42 unaanzia wapi, unakwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba naanzia mjini, nazunguka mashambani, kisha narudi pale pale nilipoanzia. Akanyamaza. Kwa umri wake wote mama anajua kwamba mtu akienda umbali huo kwa miguu ana jambo: msiba, mgonjwa, au ng'ombe waliopotea. "Haya," akasema mwishowe, "Mungu akutangulie. Na ule ushibe."

Nilikuwa Boston. Si ile ya Marekani ambayo kila mpenda riadha anaijua, bali ile ya kwanza, mji mdogo wa Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Wapuritani waliohamia ng'ambo, baadhi yao wakiwa wametoka huku, waliupa mji wao mpya jina hilo mwaka 1630. Mtoto akakua akampita mama. Boston ya Marekani imekuwa ikikimbiwa marathoni tangu 1897, na vilima vyake vimewaliza mabingwa. Boston ya Uingereza nayo ina marathoni yake, ndogo, ya barabara za mashambani, na sifa yake kubwa ni kwamba hakuna kilima.

Kwa Mtanzania jina hilo lina uzito wake. Juma Ikangaa alimaliza wa pili kule Marekani mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile mara ya kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia kwa sekunde moja tu. Aprili 2025 Alphonce Simbu, mtoto wa kwetu Singida, naye akawa wa pili pale pale. Septemba mwaka huo huo akaenda Tokyo akachukua dhahabu ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Siku ile ya mbio za Tokyo mimi nilikuwa nimetoka zamu. Niliangalia marudio kwenye simu, nimekaa ukingoni mwa kitanda na sare za kazi bado mwilini, na nililia. Siku chache baadaye nilikuwa napekua orodha ya mbio za Uingereza nikaliona jina: Boston, Lincolnshire. Nikajiandikisha kabla sijafikiri sana.

Nafanya kazi ya kuwatunza wazee Leicester. Zamu zangu nyingi ni za usiku, kwa hiyo mazoezi nilifanya asubuhi, wenzangu wakiwa wanakwenda kazini, kwenye njia iliyo kando ya mfereji wa mashua unaokata mji. Majira yote ya baridi nilikimbia pale nikiwa nimevaa glavu na kofia ya sufu. Lengo langu lilikuwa kumaliza chini ya saa nne. Kwa hesabu ya Waingereza, ambao barabarani bado wanapima kwa maili, hiyo ni dakika tisa na sekunde tisa kwa kila maili. Niliikariri namba hiyo kama sala.

Nilipanda treni Nottingham, ile inayokwenda Skegness, pwani. Inapita Grantham, inapita Sleaford, na baada ya Sleaford nchi inalala chini. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajaiona. Singida nayo ina mbuga pana, lakini kwetu jicho lina pa kutua: kuna majabali, kuna mibuyu, kuna ziwa. Huku jicho linakwenda mpaka linachoka. Shamba, mfereji ulionyooka kama uzi, shamba jingine, mfereji mwingine, na juu ya vyote mbingu kubwa inayokugusa mabega.

Eneo hili huitwa Fens. Zamani lilikuwa kinamasi, watu wakiishi kwa samaki, bata na matete. Kuanzia karne ya 17 lilikaushwa kwa awamu: mifereji ikachimbwa, vinu vya upepo vikawekwa kusukuma maji, vikafuata vya mvuke, na leo ni pampu za dizeli na umeme. Udongo ulipokauka ukazama. Kusini zaidi, upande wa Cambridgeshire, kuna nguzo ya chuma iliyofukiwa ardhini katikati ya karne ya 19, ncha yake ikiwa sawa na ardhi. Sasa imesimama karibu mita nne juu ya udongo, na karibu nayo ndiyo sehemu ya chini kuliko zote Uingereza, mita 2.75 chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mahali pengi maji ya mfereji yako juu kuliko viazi. Pampu zikizimwa, maji yanarudi. Tarehe 5 Desemba 2013 bahari ilipanda na mto Witham ukafurika mjini Boston, maji yakaingia hadi ndani ya kanisa kubwa la mji. Ubapa wa nchi hii si wa kuumbwa. Kuna mtu anayeulinda usiku na mchana, na nilipolijua hilo niliiheshimu njia kabla sijaikanyaga.

Jioni ya Jumamosi nilitembea kidogo kunyoosha miguu. Nilikwenda mpaka kwenye kinu cha upepo cha Maud Foster, cha matofali, kilichojengwa 1819, chenye mapanga matano badala ya manne. Halafu nikarudi kulitazama kanisa la Mtakatifu Botolph. Mnara wake una urefu wa mita 81 hivi, na wenyeji wanauita Kisiki. Mabaharia waliutumia kama alama ya njia. Niliinua shingo nikaustahi. Sikujua kwamba kesho yake nitautazama kwa muda mrefu.

Asubuhi kulikuwa na ubaridi na jua dogo. Tulikuwa mia chache tu. Nimewahi kusimama London kama mtazamaji, ambako wanaomaliza siku hizi ni zaidi ya 50,000, na ukipoteza ndugu yako pale humwoni tena mpaka jioni. Hapa mtu aliegesha gari, akatembea hatua mia, akabandika namba kifuani kwa vikwasi vinne, akaenda haja bila foleni ya kutisha, akajipaka mafuta ya mgando kwapani na mapajani, akawa tayari. Watu wa klabu za vijiji jirani walikuwa wanaitana kwa majina. Mzee mmoja wa kujitolea aliponiona alitabasamu akaniuliza kama ni Mkenya, akasema leo basi nitawashinda wote. Hakuwa na ubaya. Nikamwambia natoka Tanzania, mkoa anakotoka bingwa wa dunia. Akasema hakulijua hilo, akaniomba nimtajie jina. Nikalitaja taratibu mara mbili, naye akalirudia: Simbu. Nilifurahi kulisikia jina lile likitoka kwenye kinywa cha mtu wa Lincolnshire.

Tulipoanza, upepo ulikuwa mgongoni. Hapo ndipo kosa la siku lilipoingia, na nalieleza kwa sababu nimewasikia wengi wakisema njia tambarare ni njia rahisi. Upepo wa nyuma haujitangazi. Husikii kitu masikioni, jasho halipozwi, miguu inakwenda yenyewe, na mtu anaamini ni mazoezi yake yanayozaa. Maili ya kwanza dakika nane na nusu. Nikajiambia nipunguze. Maili ya nne, bado nane na nusu. Barabara ilikuwa nyembamba, lami iliyochoka, mfereji upande mmoja na kabichi upande mwingine. Kwenye mageti ya mashamba familia zilikuwa zimetoa viti nje. Mtoto wa miaka mitano hivi alikuwa anapiga sufuria kwa mwiko, kwa bidii kama amelipwa, na hakuacha hadi wa nyuma yangu naye alipopita. Mkulima mmoja alikuwa amesimamisha trekta kwenye njia ya shamba na kuzima injini ili moshi usitufikie. Mambo madogo kama hayo.

Kwenye shamba moja watu walikuwa kazini ingawa ilikuwa Jumapili. Walivaa nguo za mvua za rangi ya machungwa, wanatembea polepole nyuma ya mashine, wanainama, wanakata, wanaweka juu ya mkanda. Hawakuwa na nafasi ya kutazama mbio. Mmoja tu aliinua kisu chake juu kidogo, kama salamu, nami nikainua mkono. Mboga ninazonunua Leicester baada ya zamu hutoka sehemu kama hizi, na mikono inayozikata kwa miaka mingi imekuwa ya watu waliotoka Lithuania, Poland, Bulgaria na Romania. Mwaka 2016 Boston ilipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya kwa asilimia 75.6, kiwango cha juu kuliko sehemu yoyote ya Uingereza. Nililijua hilo kabla sijaja, na nisifiche: nilikuja nikiwa nimejiandaa kwa macho makavu. Siku moja ya mbio haitoshi kumwambia mtu jinsi mji unavyoishi na wageni wake. Ninachoweza kusema ni kwamba kwenye maili ya tisa mwanamke aliniwekea vipande vya chungwa kiganjani, akaifunga ngumi yangu kwa mikono yake miwili visije vikadondoka.

Nusu ya njia niliipita kwa saa moja na dakika 56. Kisha barabara ikakata kushoto, ikakata kushoto tena, na tukakutana na upepo uso kwa uso.

Mimi ni mtoto wa Singida, upepo naujua. Wa kwetu unakuja kwa mikupuo, unainua vumbi, unapumzika. Huu haukupumzika. Ulitoka baharini ukapita juu ya nchi isiyo na mti, isiyo na kichaka wala ukuta, ukaja wote kamili hadi kifuani. Barabara mbele yetu ilikuwa mstari mmoja kando ya mfereji, na mwisho wa mstari, mdogo kama kijiti cha kiberiti kilichochomekwa ardhini, ulikuwa ule mnara.

Aliyewahi kupanda basi la Singida kwenda Babati anaujua Mlima Hanang. Unauona mapema, unasema tumefika, unasinzia, unaamka, uko pale pale. Ndivyo ulivyokuwa mnara wa Boston, isipokuwa sasa sikuwa na kiti wala basi. Kwenye vilima mtu ana hesabu fupi: nifike juu pale, halafu niteremke. Misuli nayo inapokezana. Ya kupandia inafanya kazi, ya kushukia inapumzika. Kwenye tambarare misuli ile ile inapiga pigo lile lile, hatua elfu na elfu, bila mabadiliko. Na mwisho wa safari unauona tangu mbali, na haukujali.

"Jamani, upepo huu!" nilijikuta nimesema kwa sauti.

"Kumbe unasema Kiswahili?" sauti ikajibu nyuma yangu.

Nilishtuka nusura nisimame. Alikuwa kaka mmoja mrefu, amevaa kofia ya rangi ya bendera ya Kenya. Anatoka Kisii, anafanya kazi kwenye ghala Peterborough. Sikuwa nimemwona mwanzoni kwa sababu alichelewa akaanzia nyuma kabisa.

"Dada, tusaidiane," akasema. "Kaa nyuma yangu mpaka ile nguzo ya stima, halafu wewe unakuja mbele. Huu upepo mtu mmoja hauwezi."

Tukafanya hivyo. Anayekimbia nyuma ya mwenzake, hatua moja au mbili, anakingwa. Nguvu anayoiokoa ni ya kweli, ndiyo maana mabingwa hukimbia nyuma ya wasindikizaji. Nilijibana mgongoni kwake nikakodolea macho mshono wa jezi yake, nikahesabu hadi nguzo, nikatoka mbele, upepo ukanipiga kifuani kama mlango. Nguzo hadi nguzo, maili tano. Hatukuzungumza sana. Aliniuliza kama nyumbani kumenyesha. Nikamwambia mama kasema mvua zinaelekea kwisha na alizeti imesimama vizuri. Akasema kwao mbolea ya chai imepanda bei. Maneno matatu, pumzi. Maneno matatu, pumzi. Sijawahi kukisikia Kiswahili kikinipa nguvu namna ile.

Maili ya 20 iliniangusha. Wakimbiaji wanapaita ukutani, na si maneno ya kutia chumvi. Sukari ambayo mwili huihifadhi kwenye misuli na ini inatosha kiasi cha kilomita 30 hivi, na mimi nilikuwa nimeichoma mapema kwa kasi niliyokopeshwa na upepo. Kwanza mikono ikapoa. Kisha mapaja yakawa kama si yangu. Lengelenge la kisigino cha kulia, ambalo nilikuwa nimelisikia tangu maili ya 12, likapasuka. Yule kaka aligeuka akapunguza mwendo. Nikampungia mkono aende. "Nenda kaka, usinisubiri." Akasita, akaniachia pakiti yake ya mwisho ya sukari ya jeli, akaenda. Nikaanza kutembea.

Ukitembea katika mbio za mjini unapitwa na umati. Hapa, nilipotazama nyuma, palikuwa na mtu mmoja, mbali. Mbele hakuna mtu. Kulikuwa na mfereji, bata wawili, sauti ya upepo kwenye waya za umeme, na sauti ya raba zangu. Mawazo yakanijia mengi. Nilimkumbuka mzee mmoja niliyemtunza, aliyefariki mwezi wa pili katika zamu yangu, ambaye alipenda nimsimulie mazoezi yangu na akaniuliza kila mara kama nimefika mbali. Sikuwa nimepata nafasi ya kumlilia. Kazini tunaosha, tunatandika, tunaandika ripoti. Nikamlilia pale, kando ya mfereji, nikitembea.

Kituo cha maji cha maili ya 21 kilikuwa meza moja ya kukunja, madumu ya maji, bakuli la peremende laini, na mama wa miaka sitini na kitu aliyevaa reflekta juu ya koti zito na blanketi mabegani. Alipaswa kunipa maji tu. Kwanza alitazama namba yangu kifuani, akashika karatasi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akapitisha kidole, akalisoma jina langu. Alilikosea, akajaribu tena, akalipata. Kisha akachukua penseli iliyofungwa kwa uzi akaweka alama ya vema mbele ya jina. Niliiona ile karatasi kwa karibu. Majina yetu yote yalikuwa pale, kwa mpangilio wa namba, na alama moja moja, nyingine zimechorwa kwa mkono uliotetemeka kwa baridi.

"Wewe nilikuwa nakungoja," akaniambia. "Nyuma yako wamebaki thelathini na mmoja."

Nikamwuliza atafanya nini wakishapita. Akasema hatafunga meza mpaka alama zitimie, na akikosa jina moja atapiga simu wamtafute mtu huyo barabarani. Alilisema bila kujisifu, kama mtu anayeeleza jinsi anavyofunga kuku jioni. Akanipa maji, akanipa peremende tatu, akanifunga zipu ya jaketi hadi shingoni kama vile ninavyowafanyia wazee wangu mimi. Miezi mingapi imepita bila mtu kunifunga zipu? Nilikunywa nikaendelea.

Yule mtu aliyekuwa mbali nyuma yangu akanifikia maili ya 22. Alikuwa mzee aliyepita miaka 70, mwembamba, amevaa jezi ya buluu na njano ya chama cha 100 Marathon Club, ambacho huingii mpaka uwe umekwisha kumaliza marathoni mia moja. Alikuwa na utaratibu wake: dakika nne anakimbia, dakika moja anatembea, saa yake ya mkononi inamlilia. Aliponikuta natembea alisema dakika yake ya kutembea imefika, basi tutembee wote. Ilipolia akasema haya. Nikakimbia naye. Sikuwa nimeamini kwamba miguu ingekubali.

Alinisimulia kwa vipande. Katika mbio moja ya mji mkubwa, ambayo hakuitaja, walimfungulia magari barabarani akiwa bado na maili tatu, akamalizia kwenye njia ya waenda kwa miguu katikati ya watu wenye mifuko ya madukani. Alipofika, upinde wa kumalizia ulikuwa umekwisha kuteremshwa. Tangu hapo huchagua mbio ndogo. Nikamlalamikia mnara, kwamba haukaribii. Akasema asiyeijua Fens hutazama mnara. Mwenyeji huhesabu madaraja. Kila shamba lina daraja lake dogo la kuvukia mfereji, la matofali au la zege, na yeye alikuwa ameyahesabu miaka iliyopita. "Yamebaki tisa," akasema.

Tisa. Nane, lenye mlango wa chuma mwekundu. Saba, ambapo mbwa alikuwa amelala na hakuinuka. La sita lilikuwa limepasuka ukingo, na vijana wawili wamekaa juu yake na kikapu cha ndizi zilizokatwa. La tano silikumbuki; nilikuwa nimefumba macho kwa maumivu ya kisigino. Nne, tatu. Kwenye la pili nikainua uso, na mnara ulikuwa mkubwa. Nyufa za jiwe zilikuwa zinaonekana, na madirisha. Sijui ulikuja saa ngapi.

Umbali wa marathoni ni maili 26 na yadi 385, na zile yadi 385, kama mita 352, zina historia: zilitokana na njia ya Olimpiki ya London ya 1908, iliyoanzia Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la kifalme uwanjani, kisha mwaka 1921 umbali huo ukafanywa rasmi. Nimekutana na wakimbiaji wengi wanaozichukia. Mimi mita zile 352 nilizipenda, kwa sababu pande zote mbili palikuwa na watu, si wengi, na walikuwa wanasoma namba zetu na kutuita kwa majina. Mzee akaniambia nitangulie. Nilikataa. Tukavuka pamoja: saa nne na dakika 17.

Yule kaka wa Kisii alikuwa bado yupo. Amebadilisha nguo, ameshika koti langu ambalo alilichukua mezani kwa kutaja namba yangu. "Pole na kazi, dada," akasema, akanivalisha. Mtu aliyefanya kazi ya usiku ugenini anajua neno hilo lina maana gani. Tukanywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi na keki za nyumbani za akina mama wa kijiji. Treni yangu ilikuwa karibu. Nikaiacha iende.

Niliiacha kwa sababu yule mama wa karatasi alikuwa amefika. Alishuka kwenye gari dogo na meza yake imekunjwa nyuma, akaja moja kwa moja kwenye mstari wa kumalizia, plastiki mkononi, sasa atie alama za waliomaliza. Nikamwuliza wamebaki wangapi. "Mmoja," akasema. Saa kubwa ya kumalizia ilikuwa inaendelea kuhesabu. Tulikuwa tumebaki kama watu arobaini, wengi wetu tumejifunga taulo na mashuka ya plastiki, na hakuna aliyetuomba tubaki.

Katika Olimpiki ya Mexico ya 1968 John Stephen Akhwari wa Mbulu aliingia uwanjani usiku, goti limefungwa bendeji, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, wakati watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Sisi Watanzania tumelelewa na habari hiyo, na tumeisimulia upande wake mmoja tu, ule wa mkimbiaji. Pale Boston nilifikiria upande wa pili: wale wachache waliokuwa bado wamekaa vitini.

Alitokea kwenye kona akifuatana na baiskeli ya mtu wa huduma ya kwanza. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, uso umeiva kwa upepo. Baadaye niliambiwa ametoka Lithuania, anafungasha mboga kwenye kiwanda kimoja cha pale, na ilikuwa marathoni yake ya kwanza. Yule mzee wa jezi ya buluu na njano, mwenye marathoni zake zaidi ya mia, alitoka kwa kuchechemea akaenda kumlaki, akatembea pembeni yake bila kumgusa. Sisi tulipiga makofi hadi viganja vikauma. Binti wa shule akamvisha medali. Saa ilisoma saa sita, dakika 21 na sekunde kadhaa. Mama wa karatasi akachukua penseli, akaweka alama ya mwisho, akaikunja karatasi mara mbili akaitia mfukoni. Ndipo wakazima saa.

Nyumbani mbio zimekuwa nyingi siku hizi, na ni jambo jema. Nimewahi kukimbia moja huko kabla sijaja Uingereza. Nilipofika mwisho nikiwa wa nyuma, turubai lilikuwa limekunjwa, maji yamekwisha, na mlinzi akaniuliza natafuta nani. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoandaa mbio, hasa zile ndogo za wilayani, Singida, Manyara, Iringa, popote pale: fulana nzuri na muziki mkubwa vinaweza kungoja mwaka mwingine. Nunueni daftari na penseli, waandikeni watu wote kwa majina, wekeni mtu mmoja mwaminifu barabarani wa kuwatia alama. Na saa msiizime mpaka alama ya mwisho imeandikwa.